Mwanga Uliorudi kwenye Sinia

Kosa langu kubwa la mwanzo lilikuwa kuamini kwamba mwanga ukishapita juu ya vichwa vya watu, umeshapita. Sikufikiria kwamba unaweza kurudi.

Nawaandikia ninyi wadogo zangu mnaonitumia ujumbe kuniuliza mnunue leza gani, projekta gani inaandika vizuri jina la bibi harusi, na kwa nini mimi niliyekuwa nafanya kazi hiyo ya mwanga kwenye kumbi zote za Mwanza nimeacha. Mnaniita mzee. Sijafika hata miaka arobaini. Lakini kazi nimestaafu kweli: mashine nimezifungua, vipuri nimevigawa, na kama kustaafu kuna maana nyingine siijui. Sikusomea popote. Nilichokijua nilikipata kwa kufungua vitu vilivyokufa, kutazama video za watu wanaozungumza lugha nisizozielewa, na kuogopa. Hasa kuogopa. Mtu mwoga hujifunza mengi kwa sababu hapati usingizi, lakini hajifunzi yote.

Projekta yangu ya kwanza nilipewa na shule moja iliyotaka kuitupa. Ilitoa picha ya kijani tupu, kama mtu anayetazama dunia kutoka ndani ya chupa ya bia. Nilipoifungua nilikuta kitu ambacho hadi leo nikikifikiria nafurahi. Mwanga mweupe wa taa unagawanywa na vioo vya rangi kuwa njia tatu, nyekundu, kijani na bluu. Kila njia inapita kwenye kidirisha kidogo kama stempu ya barua chenye picha ndani yake, halafu zote tatu zinakutana tena kwenye kipande cha kioo kinene na kutoka pamoja. Vidirisha viwili vilikuwa vimeungua. Nilivibadilisha kwa vya mashine nyingine iliyokufa. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Kilichonichukua muda ni kwamba kila nikifunga kifuniko niliona chembe ya vumbi kwenye picha, nikafungua tena. Kaka yangu, niliyekuwa nakaa kwake, aliniambia nikiendelea hivyo skrubu zitaisha meno kabla mimi sijapata mke.

Mashine hiyo ndiyo niliyoipeleka kwenye mkutano wa kwaya kando ya ziwa, nje, giza lilipoanza kuingia. Nadhani mnaojua ziwa letu mmeshaanza kucheka. Niliiweka mezani, nikaiwasha, maneno ya wimbo yakatokea kwenye shuka kubwa, safi kabisa, kona zote sawa. Halafu wale wadudu wa ziwani wanaoinuka kama moshi wakauona mwanga. Feni ya projekta huvuta hewa ili taa isiungue, na ilichovuta siku hiyo hakikuwa hewa. Mdudu mmoja akatua ndani, juu ya kidirisha chenyewe. Kwenye shuka akaonekana mkubwa kama mbuzi, miguu juu, akitembea taratibu kutoka ubeti wa kwanza kwenda wa pili. Kwaya waliendelea kuimba. Mhubiri alisema wazi kwamba leo adui ameonekana kwa macho. Mimi nilikuwa nyuma ya meza natamani ardhi inimeze, na hakuna aliyenikaripia; mama mmoja alinipa soda.

Kuanzia hapo kila projekta yangu ilivaa soksi ndefu ya kike mdomoni mwa feni. Iwekeni na ninyi. Mkiiona imebadilika rangi, badilisheni. Aibu zangu nyingine zilipata dawa rahisi kama hiyo, na nadhani ndizo zilizonidanganya. Niliamini kila kosa lina soksi yake.

Lenzi nilikuwa nanunua kwa Mama Nyangeta, mama mmoja wa Musoma mwenye kibanda cha miwani mjini, kati ya muuza viatu na muuza vifuniko vya simu. Alikata vioo kwa gurudumu la mkono na kuvijaribu kwa kuviinua kwenye mwanga wa mlangoni. Kwanza alidhani nataka miwani, akanitazama macho yangu mekundu, akasema kijana lala. Nilipomweleza ninachofanya alinipa lenzi moja na karatasi nyeupe, akaniambia niishike karatasi mbele ya lenzi na kurudi nyuma polepole, nione mwanga unavyojikusanya hadi kuwa nukta, kisha unavyoanza kutawanyika tena. Mimi, kwa kutaka aone kuwa najua, nikaanza kueleza nilichosoma.

Akanikatiza. "Usinieleze. Ufuate."

"Mpaka wapi, mama?"

"Mpaka uone umekwisha."

Nilimheshimu sana, na nilifanya alivyosema kwa miaka yote ya kazi. Nilifuata mwanga kwa karatasi kutoka kwenye taa hadi ukutani, kila ukumbi, kila mara. Karatasi yangu ilikuwa na alama za vidole kama kitambaa cha fundi baiskeli. Ila niliufuata ukumbi ukiwa mtupu.

Leza nilianza kwa mchezo. Unachukua ile ya kuelekezea ubaoni, unabandika kipande kidogo cha kioo juu ya mpira wa puto uliovutwa kwenye spika, unaelekeza mwanga kwenye kioo, unafungulia muziki. Ukutani zinatokea duara zinazocheza, zinajikunja, zinapasuka. Mke wa kaka alikuja na mwiko mkononi, akasimama mlangoni, chakula kikaungua. Kuanzia siku hiyo nilijua ninachotaka kufanya maishani, na kuanzia siku hiyo nikaogopa kwamba nitakifanya vibaya.

Baadaye niliagiza vijimota vya kweli. Ni viwili, kila kimoja kina kioo kidogo kama ukucha. Kimoja kinapeleka mwanga kushoto na kulia, kingine juu na chini. Kompyuta inaviambia viende wapi. Ninyi mkiona jina la mtu limeandikwa ukutani kwa leza, kumbukeni hakuna jina. Kuna nukta moja inayokimbia, inakimbia kiasi kwamba jicho linakubali kuona maandishi. Na kioo, hata kiwe kidogo namna gani, kina uzito. Kikifika kwenye kona kwa kasi kinateleza kama bodaboda kwenye changarawe, na herufi inatoka mviringo pale inapotakiwa kuwa kali. Dawa ni kuiambia nukta isubiri kidogo kwenye kona kabla ya kugeuka. Isiposubiri, kona inalegea. Ikisubiri mno, kona inawaka kuliko herufi nyingine, kwa sababu mwanga wote umekaa mahali pamoja. Someni sentensi hiyo mara mbili. Mimi niliijua kama jambo la urembo. Sikuijua kama jambo la hatari.

Sasa niwaeleze habari za Minza.

Alikuja karakanani kwangu kutoka Sengerema kwa ajili ya sendofu, sherehe ya kumuaga dada yake, Kabula, kabla ya harusi. Minza ni fundi cherehani, na hasa ni mdarizi. Mashuka na vitambaa vya meza vya kumuaga dada yake alividarizi yeye. Alitoa kwenye mfuko kitambaa chenye jina la dada yake, kwa uzi wa kijani, K yake ikiwa na mguu unaojipinda kama mkunde unaopanda mti. Akasema anataka mwanga uandike vilevile. Nilimwambia inawezekana. Nikachora kwenye kompyuta, nikawasha, ukutani ikatokea.

Akaitazama, kichwa upande. "Kaka, hii K yako ina miguu ya mtu aliyelewa."

Nilirekebisha. Akasema sasa amelewa lakini anajua njia ya nyumbani. Nilirekebisha tena. Watu wengine wangechoka. Mimi nilikuwa nimempata mtu wa kwanza anayeona ninachokiona. Wiki nzima niliishughulikia ile K, pointi kwa pointi, kona kwa kona, nikimtumia picha kwenye simu, naye akinijibu neno moja: bado. Siku alipoandika "sawa" nilikaa chini sakafuni.

Ukumbi ulikuwa kando ya ziwa. Nilifika mchana, watu wa mapambo wakiwa bado wanafunga vitambaa. Niliweka mashine juu ya stendi mwisho wa ukumbi, ikielekea ukuta wa nyuma ya jukwaa, ambako jina lingetokea. Kati ya jina na jina ningerusha miale iliyosimama, yaani nukta haikimbii, inakaa mahali kumi hivi kwa zamu, na kwenye moshi wa mashine inaonekana kama fimbo za kioo cha kijani zilizopita juu ya ukumbi. Watu wanapenda fimbo hizo kuliko jina. Nilipima kimo kwa ufagio. Nilisimama kila safu nimenyoosha mkono na ufagio juu yake, Deo, dijei niliyekuwa nafanya naye kazi, akinicheka kwamba nafagia hewa, na mwale wa chini kabisa ulipita juu ya ufagio. Kila safu. Kisha nikaufuata kwa karatasi hadi ukutani. Nikaridhika. Nataka mjue kwamba niliridhika, na kwamba si kwa uvivu.

Jukwaani sikupanda na ufagio. Pale angekaa Kabula na mpambe wake, wamekaa tu.

Sherehe ilianza vizuri. Jina lilipotokea watu walipiga vigelegele, na nilimwona Minza mezani na mabinti wenzake akiinua kidole gumba. Mshereheshaji akawaita mashangazi watoe zawadi. Wakaja wakicheza, wote kitenge kimoja, na mbele yao Shangazi Ng'washi, dada mkubwa wa baba yake Kabula, amebeba sinia jipya la chuma cha pua, kubwa, limesuguliwa mpaka linang'aa kama maji. Akapanda ngazi za jukwaa kwa madaha. Pale juu akamgeukia bibi harusi, halafu akawageukia watu na kuliinua sinia kwa mikono miwili, uso wa sinia ukiwatazama wageni, ili kila mtu aone kwamba ni jipya na halijapakuliwa chakula na mtu. Ukumbi ukapiga kelele za furaha. Mimi, kwa kuwa kelele zimepanda, nikabonyeza miale.

Na baada ya kubonyeza, macho yangu yalikuwa kwenye kompyuta. Nilikuwa natazama kona ya K, maana niliona kama imelegea tena.

Kilichonishtua ni kuona, kwa pembe ya jicho, fimbo inayoshuka. Miale yangu yote ilikuwa sambamba na sakafu. Huu ulitoka jukwaani na kushuka kuelekea mezani, mwembamba, wa kijani, mzuri kupita yote niliyopanga. Shangazi alikuwa anayumba na sinia kwa mdundo, na mwale ulikuwa unayumba naye. Nilitafuta kitufe cha kuzima. Kilikuwa ndani ya kompyuta, chini ya dirisha la ile herufi. Nilipokibonyeza, Minza alikuwa ameshafunika jicho la kulia kwa kiganja.

Akacheka. Wenzake wakacheka. Akainuka akaendelea kucheza. Nilimfuata, nikamuuliza, akasema ni kama mtu amepiga picha na flashi, itapita. Niliamini, kwa sababu nilitaka sana kuamini. Sikurusha tena miale, lakini jina niliendelea kuliandika mpaka mwisho, na nilipongezwa.

Asubuhi alinipigia. Hakulia. Alizungumza taratibu, kama mtu anayekueleza nguo inabana wapi.

"Kaka, nimekaa kwenye cherehani. Nikitazama sindano, sindano haina ncha."

Nilimwambia afunge jicho la kushoto. Akasema sasa sindano haipo kabisa.

Siku hizo, kutoka Sengerema, tulikuwa bado tunavuka ziwa kwa kivuko. Nilimsubiri upande wa Mwanza, nikamwona anashuka katikati ya watu na magunia, anatembea kama kawaida, anatabasamu. Hospitalini daktari wa macho alimwangalia kwa muda mrefu. Alituonyesha kwenye picha: nyuma ya jicho kuna mahali padogo sana panapoona vitu vidogo, ncha, herufi, sura ya mtu, na ukingoni mwa mahali hapo kulikuwa na alama kama ya kuchomwa na kijiti cha kiberiti. Aliniuliza mwanga wa aina gani, nguvu gani, nikamjibu. Akasema hakuna dawa ya kuondoa jeraha lile. Kuna kusubiri. Huenda litapungua, huenda halitapungua. Hakunikaripia. Nilitamani anikaripie. Alimpa Minza karatasi yenye miraba midogo na nukta katikati, aitazame kila asubuhi kwa jicho moja moja, na achore kwa kalamu pale mistari inapopotea au kupinda.

Kabla ya jambo lingine lolote ilibidi niende kwa baba yake. Mzee Masanja ni mfugaji, na Minza alinionya kwamba ni mtu wa maneno machache, akisema mengi ujue amekasirika. Alituma salamu kwamba nije na mashine yenyewe, anataka auone mwanga uliomgusa mwanawe. Njia nzima nilikuwa nimeipakata mapajani kama mgonjwa. Nilipofika nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanionyesha kiti. Kisha chakula kikaletwa, na wali ulikuwa kwenye sinia lile la sherehe, ambalo Kabula alikuwa bado hajalichukua. Binti aliyelileta hakujua. Nilinawa, nikala. Kila nilipochota wali, chini yake nilijiona.

Baada ya chakula alifunga dirisha mwenyewe, akasema haya. Niliwasha mashine kwa nguvu ndogo kabisa, nguvu isiyoweza kumdhuru mtu, na nikaelekeza ukutani. Akanyoosha kiganja akaukata mwale, nukta ikakaa katikati ya mkono wake. Akaugeuza mkono, akajaribu na mwingine.

"Mbona hauumi?"

"Hauumi, baba. Hata ule haukuuma. Ndiyo ubaya wake."

"Kwa hiyo mwanangu kaungua na kitu kisichouma. Wewe ulikuwa unatazama wapi?"

Nikamwambia nilikuwa natazama herufi. Akasema zima. Hakuongeza neno, na sikujua kama hiyo ni nafuu au la.

Lakini kwenye chumba kile kulikuwa na mtu mwingine niliyekuwa sijamfikiria kabisa, na hilo linaniaibisha. Shangazi Ng'washi alikuwa amekaa chini karibu na mlango, kitenge kichwani. Tangu sherehe alikuwa hataki kuligusa sinia. Alikuwa amewaambia watu kwamba amempofusha mtoto wa kaka yake kwa majivuno yake, kwa kupenda kuonekana. Akaanza kuniambia hivyo hivyo mimi, akiomba nimweleze Minza kwamba hakukusudia.

"Mimi ndiye niliyeligeuza," alisema.

"Shangazi, wewe uligeuza sinia lako. Mimi ndiye niliyeuweka mwanga pale."

Aliniuliza kama nasema hivyo kumpoza. Nikachukua karatasi, nikawasha tena kwa nguvu ileile ndogo, nikalisafisha sinia na kumwonyesha: mwanga unakuja hivi, unagonga hapa, unaenda kule. Nikamwomba aligeuze. Alikataa. Mzee Masanja ndiye aliyelishika akaligeuza, nasi tukaona nukta inatembea ukutani, inapita mlangoni, inashuka, inafika kwenye kifua cha dada yake. Shangazi akaitazama ile nukta kifuani pake. Akauliza kama mtu akisimama pale mashine ilipo anajua kwamba itakuja huku. Nikasema anatakiwa kujua. Akaondoa kitenge kichwani, akajifunga kiunoni, akaenda kuosha vyombo. Sinia alilichukua.

Kisha tukasubiri.

Minza alinitumia picha ya ile karatasi kila asubuhi. Doa lake alilipa jina, Mgeni. Aliandika, "Mgeni kalala hapa leo," na mshale. Siku nyingine, "Mgeni kanenepa, au ni mimi sijalala." Mimi sikuweza kufungua picha mpaka niwe nimekunywa chai, na chai haikushuka. Nililinganisha ya leo na ya jana kwa rula. Nilianza kujipima mwenyewe bafuni, nafunga jicho moja natazama mistari ya vigae, nafunga jingine, kwa sababu miaka yote ile nimekaa na leza bila miwani ya kinga, na kila mstari uliopinda kidogo ulikuwa kwangu hukumu. Fundi vigae alikuwa amevipachika vibaya. Nilikuja kulijua hilo baada ya kumwita mtu mwingine aje atazame.

Wakati huohuo kazi zilikuja. Deo alisema watu wanataka miale, na kwamba bahati mbaya humpata kila mtu. Sikukataa. Nikaitengeneza mashine upya, na haya ndiyo ninayotaka myachukue hata kama mtasahau mengine. Nilitengeneza kifaa kinachovitazama vijimota, kimoja kikisimama bila kuambiwa, mwanga unakatika wenyewe. Niliweka bati mbele ya mdomo wa mashine, linakata kila kinachotaka kwenda chini, hata kompyuta ikiagiza vinginevyo. Kitufe cha kuzima nilikiweka chini ya mguu. Karatasi sikuitembeza tena peke yake. Nilitembea ukumbi mzima na sinia, kwa nguvu ndogo, nimeliinua, nimeligeuza huku na huku, jukwaani, ngazini, juu ya viti. Mnaotaka kuendelea na kazi hii, nunueni sinia kabla ya leza.

Niliyafanya yote hayo kwenye harusi moja mjini. Kila kitu kilikuwa sawa. Halafu bwana na bibi harusi wakaingia, na mbele yao bendi ya matarumbeta. Hakuna aliyeniambia kuna matarumbeta. Shaba iliyosuguliwa, midomo mikubwa ya mviringo, inainuliwa, inashushwa, inazungushwa kwa madoido, na nyuma yake simu, saa, hereni, miwani. Niliona ukumbi mzima ni vioo. Mguu wangu ulikuwa juu ya kitufe na niligundua nimeshakibonyeza. Deo alinifanyia ishara niwashe. Nikashindwa. Taa za kawaida zikawashwa, na mshereheshaji akasema kwenye kipaza sauti kwamba leo umeme umekatika kwa mtu mmoja tu. Watu wakacheka, wakacheza, sherehe ikawa nzuri. Hakuna aliyeikosa miale. Nilikaa nyuma ya mashine yangu nimetulia kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, na nikajua siwezi kurudi.

Doa lilipungua. Lilipungua haraka mwanzoni, kiasi kwamba tulianza kuongea kama watu waliopona, halafu likapungua polepole, halafu likaacha. Picha za mwisho zilikuwa zinafanana, na nilizipima kwa rula zaidi ya zilizotangulia. Siku moja Minza aliandika kwamba Mgeni amejenga, ameoa, na yeye hatatuma tena karatasi, amechoka kumpiga picha. Nilimwomba aendelee kidogo. Akasema hapana. Akasema nikitaka habari za jicho lake nimsalimie kwanza yeye. Tangu hapo namsalimia yeye.

Najua mnataka niwaambie kama ni salama. Mashine mnazonunua sasa ni ndogo kuliko tofali, zina nguvu kuliko yangu, na nyingi nilizozifungua hazina kifaa chochote cha kuzima mwanga kioo kikisimama. Mnaziwasha zikiwaelekea watu, mnarekodi, mnanitumia mnisifie. Sizitazami zile video mpaka mwisho. Natazama watu walio ndani yake, nani kafunika jicho.

Yaliyobadilika tangu wakati ule ni haya. Sirushi tena mwanga mahali penye watu. Natengeneza projekta za shule, na miwani namsaidia Mama Nyangeta siku za Jumamosi. Minza bado anadarizi. Hutazama kazi kwa jicho la kushoto, na uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe amemwachia mwenzake.